Tehama vyuoni isiishie kwenye kurusha noti

TAREHE 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, si mbali na Gongoni. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, na kazi yake ilikuwa kusaka vyanzo vya eksirei angani.

Zaidi ya nusu karne baadaye, hapo hapo Gongoni, nilimkuta mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja amesimama chini ya mti, simu juu.

“Shikamoo, mwalimu. Hapa ndipo mtandao unaposhika kidogo,” akaniambia. Nikamuuliza anasomea nini. “Isimu ya Kiswahili. Lakini kusoma kwenyewe ni kufungua noti tu. Mhadhiri anazirusha kwenye grupu, tunapakua, basi.”

Wengi wangelaumu mtandao na bei ya bando. Ni kweli, hayo ni mzigo kwa mtoto wa mvuvi au wa kibarua wa mashamba ya chumvi. Lakini hebu tujiulize: mtandao ungekuwa wa kasi na wa bure, huyu angepata nini zaidi? Angepata noti zile zile, mapema kidogo. Zamani tulizitoa fotokopi. Leo zimo kwenye simu. Hayo ni mabadiliko ya usafirishaji. Ufundishaji uko pale pale.

Kwa maoni yangu, tehama inastahili kuingia darasani pale inapomwezesha mwanafunzi kufanya jambo ambalo bila hiyo lingemshinda. Chukua Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen. Ina mamilioni ya maneno kutoka magazetini na vitabuni. Mwanafunzi anayetaka kujua “kwenye” na “katika” zinatofautianaje hahitaji kukariri kauli ya mhadhiri. Atazame mifano mia mbili, kisha atoe hoja yake mwenyewe. Wahadhiri wangapi humpa kazi ya namna hiyo?

Tusisingizie kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Uwezo tunao.

Kuna watakaosema: mhadhiri mwenye wanafunzi 200 atawezaje kusimamia utafiti? Mimi naona wingi huo ndio mtaji. Kila mmoja arekodi kwa simu, kwa idhini ya msemaji, maneno kumi ya kazi za kwao: jarife, dema, foromali, joshi. Hayo ni maingizo 2,000. Yakirudiwa nusu, yanabaki 1,000, kila moja na sauti ya mwenye lugha. Kurekodi hakuhitaji bando. Kutuma kunaweza kungoja siku ya kufika mjini.

Wazee wanaojua istilahi za tanga wanapungua, na injini hazihitaji foromali. Maneno hayo yakizikwa, hakuna slaidi itakayoyafufua.

Yule kijana wa Gongoni yuko dakika chache tu kutoka kwa manahodha wa Ngomeni, na kinasa sauti anacho mkononi. Kilichobaki ni mhadhiri wake kumpa swali la kwenda kuuliza.