Idjwi si picha tu

Nimeangalia tena zile video fupi za Idjwi zenye tunatumiana kila wikendi. Maji ya bluu, mchanga, boti inakata ziwa Kivu, na sifa za utulivu. Ni nzuri, sikatai. Hata mie zilinivuta mpaka nikaenda.

Lakini njo shida: mule ndani watu hawamo. Hakuna mama Muhavu na mananasi yake. Hakuna wavuvi wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja, wanatafuta sambaza usiku, ile samaki iliyoletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Na kahawa je? Kwa miaka mingi wanaume waliivusha usiku hadi Rwanda, kutafuta bei ya afadhali. Wengi walizama, wakaacha wajane. Ni ziwa lile lile tunalolipigia picha.

Mzee aliyenivusha aliniuliza: “Mwanangu, umekuja kuona maji ama kuona siye?” Nilikosa jibu. Video zetu nazo hazina.

Basi ukienda, piga picha, lakini uliza pia ule utulivu unamlisha nani. Halafu rudi utuandikie.