Chuma ni Chuma?

Wazee wenzangu tuliopitia Jeshi la Kujenga Taifa tukikutana, mazungumzo hayakosi kufika kwenye SMG. Na yakifika hapo, yupo atakayelalamika kwamba silaha za siku hizi zimeharibika kwa kuwa magazini zake ni za plastiki. "Chuma ni chuma," husema, na wengine huitikia. Mimi nimenyamaza miaka mingi. Leo napenda niihoji kauli hiyo, maana iliwahi kuniponza.

Mwaka 1986 nilikuwa kuruta. Siku ya shabaha nilikabidhiwa SMG ya Kichina na magazini yake ya chuma. Risasi ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikakwama. Nikaitoa, nikaendelea, ikakwama tena. Afande hakuitazama magazini hata mara moja. Kwake yeye chuma hakikosei, basi mkosaji nilikuwa mimi. Niliruka kichura mpaka magoti yakagoma, na alama zangu zikaandikwa sifuri. Jioni koplo mmoja mpole aliigeuza ile magazini kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole kwenye kingo mbili za juu zinazozuia risasi zisichomoke. Moja ilikuwa imepinda, kiasi cha unene wa ukucha. Pengine iliwahi kuangushwa sakafuni. "Ungekwenda nayo vitani," akaniambia, "usingerudi."

Tukipe chuma haki yake. Magazini za kwanza za AK-47 zilikuwa na uzito wa gramu 430 hivi zikiwa tupu. Zilizofuata, za bati jembamba lenye mikunjo ya kuongeza nguvu, gramu 330. Zinavumilia jua, matope na mikono ya kikuruta. Lakini chuma kikishapinda hubaki kimepinda, na jicho lisilozoea halioni kitu. Kutu nayo huweza kuanzia ndani, penye springi, ambako hakuna anayechungulia.

Hata Warusi, wenye bunduki yao, hawakukiabudu chuma. Katika miaka ya 1960 walitoa magazini ya plastiki ya rangi nyekundu ya machungwa, iliyochanganywa na nyuzi za kioo na kuimarishwa kwa chuma. Ilikuwa na gramu 250 hivi. Askari mwenye magazini nne alipunguziwa gramu 320, karibu sawa na uzito wa risasi 20. Anayetembea usiku kucha anajua maana ya hesabu hiyo. Waaustria nao, katika bunduki yao ya Steyr AUG, walitumia plastiki inayopenyeza mwanga, hata askari akaweza kuona risasi zilizobaki.

Wanaoisifu plastiki nao wasitupumbaze. Plastiki huweza kupasuka, na kingo zake zikisukumwa na springi kwa muda mrefu huweza kulegea polepole. Kampuni ya Magpul ya Marekani, ilipotoa magazini yake ya PMAG mwaka 2007, iliiwekea kifuniko kinachokandamiza risasi ya juu ili kingo zipumzike. Huko ni kukiri udhaifu na kuutafutia dawa, na kwangu hiyo ni sifa. Desemba 2016 wanajeshi wa Marine wa Marekani waliidhinishiwa kuitumia.

Ningeulizwa nichague, ningechukua plastiki kwa safari na chuma kwa ghala, mahali ambapo magazini hukaa imejazwa miezi mingi. Lakini sharti langu la kwanza lingekuwa kwamba kila moja ikaguliwe, na mbovu itupwe. Ubaya wa "chuma ni chuma" ni kwamba unampa mkaguzi ruhusa ya kutokagua, kisha lawama inamwangukia aliyeshika kitako.

Yule koplo alichukua msumari akaichora ile magazini alama ya msalaba, akaiweka kando. Kesho yake asubuhi niliiona tena, alama yake ikiwa pale pale, mikononi mwa kuruta mwingine aliyekuwa akielekea uwanja wa shabaha. Nilimwita, lakini afande alikuwa ameshapuliza filimbi.