Wa Kuanzisha Pambio

Wasiojua husema kuanzisha pambio hakuna ufundi: Roho akishuka, mdomo hufunguka wenyewe. Hao hawajakaa kwenye ushirika wa jioni huku Bukoba, karibu na mama mmoja ambaye hajawahi kuitwa mwimbaji wala kupewa kipaza sauti.

Kazi yake huanza kabla hajafungua kinywa. Ndugu anasimama, "Bwana asifiwe," anaitikiwa "Amina," anaeleza alivyomchukia shemeji yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, na alivyokwenda kumwomba radhi. Mama ameinamisha kichwa. Shamba halimhusu, anasikiliza sauti ya msemaji, kama imelegea au bado imekaza. Ushuhuda ukiishia kwenye machozi, haanzishi la kuruka. Ukiwa wa kujisifu (hutokea, hata kwa walokole), huanzisha pambio la msalaba, polepole, na kila mtu anaelewa aliyenyamazishwa ni nani.

Kisha hupima sauti. Huguna kidogo midomo ikiwa imefungwa, akitafuta mahali ambapo wazee watafika bila kukwaruza koo. Mstari wa kwanza huuimba peke yake, watu wakaitikia. Kabla kiitikio hakijaisha, hudokeza maneno ya mstari unaofuata, upesi, kama anayemnong'oneza mwenzake jibu darasani, na asiyejua kusoma akaimba sawasawa na mwenye kitabu. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Akidokeza mapema anawakanyaga waitikiaji; akichelewa wimbo unapwaya. Halafu kuna kumaliza. Wanaojua kuanzisha nimewaona wengi, wanaojua kuacha ni wachache. Yeye hupunguza makofi yake kwanza, akabaki anagonga kiganja kwa vidole viwili tu, na chumba kizima kikamfuata taratibu mpaka wimbo ukageuka maombi bila mtu kusema "tuombe".

Haya tumeyarithi kwenye Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ulioanzia huko ulifika Kabete, Kenya, mwaka 1937, na kwetu pia ukavuka. Uliwakuta Wakristo wengi wamezoea kuimba kwa kitabu, kwa namba iliyotajwa na kiongozi. Baada ya hapo Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda, ukawa unaimbwa na watu wasiojua Kiganda, mara tu mtu anapomaliza kuungama, na hata njiani.

Sasa tuna timu ya kusifu na kuabudu. Vijana hao sina neno nao; Jumamosi wenzao wakiwa mpirani, wao wako mazoezini. Lakini nyimbo zinachaguliwa Jumamosi kwa ajili ya vilio na furaha za Jumapili, ambazo bado hakuna anayezijua. Mdundo umekwisha kutegwa kwenye kinanda na haumngoji mtu ameze mate. Maneno yako kwenye skrini, basi hakuna tena wa kudokeza, na umeme ukikatika, usharika mzima unageuka kumtazama fundi mitambo. Watu wameokoka, wana sauti, wana mikono ya kupiga makofi, na hakuna wa kuanzisha.

Wala sioni atatoka wapi. Ufundi huu haukufundishwa chuoni. Ulishikwa utotoni kwa kukaa mkekani ubavuni mwa anayeujua, ukisinzia, ukiamka, ukiitikia. Siku hizi watoto wana ibada yao jengo la nyuma, na kwenye ushirika wa jioni hawaji kwa sababu ya masomo ya ziada.

Hivi karibuni, kwenye ibada moja, mjane alisimama kushukuru waliomsaidia kumzika mumewe. Akafika katikati, sauti ikakatika. Zamani hapo asingeachwa hata kwa pumzi moja. Wimbo ungemwingia chini ya kwapa ukamshika. Kiongozi wa ibada alitazama saa, akasema asante mama, Mungu akutie nguvu, tuendelee na matangazo. La kwanza lilihusu mchango wa spika mpya.