Kosa la London Lilikuwa kwenye Mchoro

Mliomtazama Emmanuel Wanyonyi akiwaacha wenzake katika mita 800 mjini London, Julai 2025, mliuona Uwanja wa London ukifanya kazi uliyojengewa: umejaa watu wapatao 60,000, tartani iko wazi, na macho yote yanaifuata kona ya mwisho. Wiki chache baadaye West Ham wakarudi hapo hapo kwa Ligi Kuu ya England, na televisheni ikatuonyesha tena lile zulia pana kati ya goli na shabiki wa kwanza. Kila msimu huzuka mjadala ule ule kwamba soka na riadha haziwezi kuishi nyumba moja. Zinaweza. Kilichoshindikana London ni uamuzi mmoja uliofanywa mezani mwaka 2007, kabla tingatinga halijachimba shimo la kwanza, na fedha zote zilizofuata zilikwenda kuufukia uamuzi huo.

Turudi kwenye uamuzi wenyewe. Mchoro ulionyeshwa hadharani tarehe 7 Novemba 2007. Uwanja ungechukua watu 80,000 wakati wa Olimpiki: jukwaa la chini la viti 25,000 likiwa la kudumu, limezamishwa ardhini, na juu yake jukwaa la viti 55,000 la chuma chepesi, lililosanifiwa lifunguliwe na kuondolewa michezo ikiisha. Kingebaki kiwanja kidogo cha riadha cha watu 25,000. Waliousifu waliuita uwanja unaojipunguza wenyewe. Mimi nauita uwanja usio na mpangaji.

Jiulize nani angejaza viti hivyo 25,000. Riadha kubwa huja mjini siku chache za kiangazi. Klabu ya Ligi Kuu haiwezi kuhamia kwenye uwanja mdogo kuliko inaouacha, na West Ham walikuwa Upton Park penye nafasi ya watu wapatao 35,000. Nao West Ham walikuwa mezani wakati huo. Mazungumzo yao na waandaaji yalikufa mapema 2007, kwa hoja kwamba muda umekwisha na kwamba riadha iliahidiwa uwanja wake.

Ahadi hiyo ilikuwa halali. Sebastian Coe aliitoa Singapore mwaka 2005, London ilipoomba Olimpiki, na mtu wa riadha hakuwa na sababu ya kuiona aibu. Kosa lilikuwa kuamini kwamba ahadi kwa riadha inalindwa kwa kuifungia soka mlango. Mambo yako kinyume kabisa. Tartani inahitaji mpangaji wa kudumu anayelipia taa, walinzi na mkata nyasi miezi tisa ya mwaka, ili mwezi mmoja wa kiangazi wakimbiaji wapate uwanja ulio hai. Waandaaji walimfukuza mlinzi wa ahadi yao kwa jina la kuilinda.

Sasa tuingie kwenye vipimo, maana hapa ndipo wachambuzi wengi wa studio hupita haraka. Njia ya kawaida ya mita 400 ina sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 na kona mbili zenye nusukipenyo cha mita 36.5. Kwa hiyo ndani ya njia ya kwanza kuna upana wa mita 73 na urefu wa mita 157 na kidogo. Weka humo kiwanja cha soka cha mita 105 kwa 68. Pembeni zinabaki mita 2.5 tu hadi ukingo wa tartani, na hapo shida si kubwa. Nyuma ya goli zinabaki mita 26. Ongeza njia tisa za mita 1.22 kila moja, umefika mita 37 kabla hujamkuta shabiki wa kwanza, tena hujahesabu nafasi ya usalama wala kamera.

Kuna jambo lingine lisilosemwa. Pigia hesabu kibendera cha kona: mahali kilipo, tartani imeshaanza kupinda, na kati yake na ukingo inabaki takriban mita moja. Winga anayekimbia kupiga krosi anafika kwenye tartani kwa hatua moja. Raga ndiyo haitoshi kabisa. Kiwanja chake ni mita 100 kwa 70, na nyuma ya kila mstari wa trai lazima pawe na eneo la kutulizia mpira. Ukilipa eneo hilo mita 10 tu, pembe zake zinaingia juu ya njia za kukimbilia. Kwa hiyo anayesema tartani ipo au haipo hajalitazama swali lenyewe. Swali ni majukwaa ya nyuma ya magoli yatasogea vipi, na tartani itafunikwa vipi. Jibu lake huwekwa kwenye msingi. Ukisubiri zege likauke, umechelewa.

London walisubiri likauke. Baada ya mivutano ya zabuni na kesi, West Ham wakapewa mkataba wa miaka 99 mwezi Machi 2013, yaani miaka sita baada ya kukataliwa. Ikabidi jukwaa jepesi lililokusudiwa kuondolewa libakishwe, paa ling'olewe na kujengwa kubwa zaidi, taa zishushwe na kufungwa upya, na jukwaa la chini ligeuzwe liweze kusogea. Kujenga uwanja kuligharimu pauni milioni 429. Kuugeuza kuligharimu pauni milioni 323. Wahenga walituachia neno fupi: rahisi ghali.

Na hayo majukwaa yanayosogea, msidhani kuna mtu anayebonyeza kitufe. Ni fremu za chuma zinazofunguliwa na kufungwa upya na mafundi, kazi ya siku nyingi, kila kiangazi. Makadirio ya awali yalikuwa pauni 300,000. Kufikia Novemba 2016 ilitajwa pauni milioni 8, na meya Sadiq Khan akaamuru uchunguzi. Upande wa mapato, West Ham walichangia pauni milioni 15 kwenye ukarabati na kukubaliana kodi ya pauni milioni 2.5 kwa mwaka, huku mwenye nyumba akibeba gharama za siku ya mechi, ulinzi ukiwamo, hata magoli na vibendera vya kona. Siwalaumu West Ham. Walijadiliana na mtu aliyekuwa na uwanja mkubwa mtupu na saa mkononi. Mwaka 2007 wangekuja wakiomba, mwaka 2013 walikuja wakiombwa.

Matokeo mliyaona. Jukwaa la chini likisogezwa mbele, la juu linabaki lilipokuwa, na pengo linazaliwa kati yao. Wakafunika pengo na tartani kwa mazulia, kisha klabu na wenye uwanja wakavutana kuhusu rangi ya zulia. Machi 2018, West Ham wakifungwa 3-0 na Burnley, mashabiki waliingia uwanjani na nahodha Mark Noble akakabana na mmoja wao katikati ya nyasi. Wachambuzi wakasema ni hasira dhidi ya wamiliki. Ilikuwa hivyo, lakini watu waliokuwa wakisikia pumzi ya winga pale Upton Park walikuwa wamehamishiwa mbali kiasi cha kuhitaji darubini, na hilo nalo lilikuwa ndani ya hasira ile.

Kosa halikuwa la wajenzi: walimaliza kwa wakati, tartani ni ya kasi, na paa jipya ni kazi safi ya uhandisi.

Sasa linganisheni na Manchester. Wale waliojenga kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002 walijua kabla ya kuchimba nani angehamia. Riadha ilifanyika mbele ya watu 38,000, huku jukwaa la upande mmoja likiwa la muda. Raga ya wachezaji saba kila upande ilichezwa hapo hapo. Ni michezo ile ile ambayo Mtanzania Francis Naali alitwaa dhahabu ya marathoni. Ilipokwisha, tartani iling'olewa, ardhi ikachimbwa chini zaidi, na safu mpya ya viti ikashuka hadi palipokuwa njia za kukimbilia. Mwaka 2003 Manchester City wakaingia kwenye uwanja wa watu 48,000 ambao leo mnauita Etihad, na hakuna anayekumbuka kwamba ulizaliwa uwanja wa riadha. Wakimbiaji hawakutupwa: walibaki na kiwanja chao cha mita 400 jirani kabisa. Hata kodi ilipangwa kwa akili, ikihesabiwa kutokana na tiketi zilizozidi uwezo wa Maine Road, uwanja wa zamani wa klabu, kwamba klabu ikinufaika na jiji linufaike. Hao ndio mashujaa wangu, na kila kamati ya viwanja ingepaswa kujifunza kwao kabla ya kumwita msanifu.

Wafaransa walichagua njia nyingine, na wao pia waliichagua mapema. Stade de France ilifunguliwa Januari 1998, Zidane akafunga bao la kwanza, na tangu siku hiyo jukwaa la chini lenye viti 25,000 lilikuwa na uwezo wa kurudi nyuma mita 15 kuiachia riadha nafasi. Ni kweli haikupata klabu ya kudumu na serikali ililipia pengo hilo kwa miaka. Lakini kumbukeni Paris 2024: Shujaa, timu ya raga ya Kenya, walicheza pale, mashindano ya raga yakaisha tarehe 30 Julai, na tarehe 2 Agosti Joshua Cheptegei akashinda mita 10,000 kwa 26:43.14, rekodi ya Olimpiki. Siku tatu kati ya raga na riadha. Hivyo ndivyo nyumba ya pamoja inavyofanya kazi ikiwa imechorwa iwe ya pamoja.

Waingereza wenyewe walishapewa somo, ndiyo maana sina huruma. Wembley mpya ilipopangwa, fedha za bahati nasibu ya taifa, pauni milioni 120, zilitolewa kwa kuelewana kwamba riadha itakuwamo. Wazo lilikuwa kujenga sakafu ya muda juu ya nyasi na kuweka tartani juu yake. Desemba 1999 waziri Chris Smith aliitoa riadha nje ya mradi. Wakaahidi uwanja mbadala Picketts Lock kwa Mashindano ya Dunia ya 2005, na mwaka 2001 serikali ikajitoa, mashindano yakaenda Helsinki. Nimeliandika hili mara nyingi na nitaliandika tena: riadha iliyotolewa Wembley ndiyo iliyolazimisha ahadi ya Singapore, na ahadi ya Singapore ndiyo iliyotumika kuifukuza soka mwaka 2007. Kosa moja lilizaa la pili.

Turudi Uwanja wa London: michezo mingine iliyopita hapo haikuleta shida kubwa. Kombe la Dunia la raga la 2015 lilichezwa hapo, na mwaka 2019 Yankees na Red Sox walitandikiwa nyasi za bandia wakacheza besiboli. Mgeni wa siku mbili ni rahisi kumpokea. Shida ni wakazi wawili wa kudumu.

Kwa nini haya yatuhusu? Kwanza, kwa sababu uwanja ule ni wetu pia. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 pale tarehe 9 Agosti 2012, na mwaka 2017 Cheptegei alimsukuma Mo Farah hadi mstari wa mwisho wa mita 10,000. Uwanja wenye historia hiyo usingestahili kuitwa mzigo.

Pili, kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, na vipimo havibagui nchi. Kasarani ya 1987 na Mkapa ya 2007 zote zina tartani kamili, na aliyekaa nyuma ya goli wakati wa CHAN ya 2025 anazijua zile mita 37 bila kupigiwa hesabu. Uwanja wa Talanta kwenye Barabara ya Ngong umechorwa bila njia za kukimbilia, kwa ajili ya soka na raga. Naunga mkono, kwa sharti moja: soka ikishapata nyumba yake, Kasarani irudi kuwa ya riadha kwanza. Ni tartani ambayo Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mwaka 2021. Lakini Mei 2025, Kasarani ikikarabatiwa kwa ajili ya CHAN, mashindano ya riadha ya Kip Keino Classic yalipelekwa uwanja wa Ulinzi. Taifa la riadha lilihamisha mashindano yake makubwa ili kupisha nyasi.

Wizara na mashirikisho yakae sasa, kabla ya 2027. Kila uwanja wa taifa uandikiwe nani mkazi na nani mgeni, tarehe za kila mmoja, nani analipa kuhamisha majukwaa, na tartani inafunikwa kwa nini wakati wa soka. Yaandikwe kwenye mkataba na yachorwe kwenye ramani ya ujenzi. London walikuwa na fedha za kulipia kosa lao. Sisi hatuna pauni milioni 323 za kuchezea.