Sikio la Ajuza

Bibi yangu alisimulia hadithi kibarazani kwake Kanyenye, Tabora, ungo wa karanga mapajani, sisi wajukuu tumebanana mkekani. Tuliyoiomba zaidi ni ile ya Shing'weng'we, zimwi la usimulizi wa Wasukuma, lililomeza kijiji kizima, watu na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akifika hapo bibi aliacha kubangua. Alitutaka tuwataje waliomezwa: baba, shangazi, mchunga ng'ombe, mtoto wa jirani. Tuliwataja mmoja mmoja, mpaka kijiji kikawa kitupu kweli machoni petu.

Kumbe alikuwa akitufundisha kwamba kifo hakipitwi mbio.

Mwanamke yule akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipojua kilichowapata watu wake, akaingia porini kumsaka muuaji. Akaua panzi, akamletea mama: ndiye huyu? Siye, mwanangu. Akaua ndege. Siye. Kila "siye" ilituumiza, maana waliomezwa walizidi kukaa gizani. Hatimaye akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Ila kisu kilimkata ajuza mmoja sikio. Ajuza akawaka hasira, akataka kumdhuru mkombozi wake, na kijana akalazimika kutafuta dawa ya kumponya. Hapo bibi alimshika sikio mtoto aliye karibu naye, akalivuta taratibu. Mara nyingi lilikuwa langu.

Nilikuja kuuelewa ufundi ule wa bibi ukubwani, mezani na vijana wanaocheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na dadu huamua pale ambapo maneno hayatoshi. Mhusika akianguka mahututi, kila zamu ikifika hurushiwa dadu ya pande 20: 10 na kuendelea ni heri, chini yake ni shari. Heri 3, ametulia. Shari 3, amekufa.

Jioni moja dadu ilisimama kwenye 4, nayo ilikuwa shari ya tatu. Kijana mwenye mhusika yule aliinamia karatasi yake. Msimulizi angeweza kuendelea na vita. Alinyamaza kwanza, kisha akawauliza wenzake: "Mwili anaubeba nani?"

Tabora swali hilo lina historia. Mwaka 1873 Chuma na Susi, watumishi wa mpelelezi Livingstone, walipita hapa Unyanyembe pamoja na wenzao wakiwa na mwili wa bwana wao, wakifuata njia ya misafara kwenda Bagamoyo. Walijua uzito wa maiti kwa mabega yao. Vijana wale nao, baada ya swali lile, walianza kupanga nani atashika kichwa na nani miguu, na mezani pakawa na msiba.

Katika mchezo huo kufufua kunaruhusiwa, lakini kwa gharama. Katika kanuni za mwaka 2014, uganga wa kumrudisha aliyekufa ndani ya siku 10 hutaka almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu, na almasi hiyo huteketea. Sisi majirani wa Shinyanga, ambako mwanajiolojia Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, tunajua jiwe dogo kama hilo hutoka chini ya udongo mwingi kiasi gani. Roho nayo lazima ikubali kurudi. Anayefufuka hurudi mnyonge, akipata nguvu kidogo kidogo kila apumzikapo. Na kiungo kilichokatika, uganga huo haukirudishi.

Niliposikia kanuni hiyo ya mwisho nilimkumbuka ajuza. Mtu akirudi kama alivyoondoka, tutakuwa tumelia bure, na hata furaha ya kumpokea itapwaya. Ndiyo maana nawaheshimu wasimulizi wanaoacha alama: wanawapa wasikilizaji matumaini bila kuwaibia huzuni yao. Bibi aliwatoa wote tumboni mwa zimwi, hakumwacha hata mmoja, na bado alihakikisha hatusahau walikuwa wapi.

Kisha aliniachia sikio, akarudi kwenye karanga zake. Lilibaki na moto hadi nilipopitiwa na usingizi.