Turubai la Jaani: Ndugu, Lazima Ulishike!

Ndugu yangu, acha unachofanya unisikilize! Natoka jaani sasa hivi, viatu vimejaa tope jekundu, mikono inanuka kitu ambacho hata sijui niite nini, na siwezi kukaa chini kabla sijakusimulia. Nimeligusa! Nimelishika, nimelivuta, nimelilalia kidogo, usicheke, turubai la kufunikia takataka, na ni zuri, zuri kupita kiasi, zuri la kukufanya upige kelele peke yako njiani.

Unajua Lubumbashi inavyokuwa mvua za Novemba zikianza. Jua, mvua, jua tena, na nzi wote wa mitaa yetu ya Katuba na Kenya wanakubaliana kuhamia kwenye sahani yako ya bukari. Sasa huku pembezoni mwa mji, vijana wanaozoa takataka kwa mikokoteni wanajaribu jambo dogo sana: jioni, wakishamwaga mzigo wa mwisho, wanalifunika rundo lote kwa turubai kuukuu la lori. Yale mazito mazito, magumu, yenye viraka, yanayofunika shaba barabara nzima hadi Kasumbalesa. Asubuhi wanalikunja. Basi!

Weka kiganja juu yake, ndugu. Joto! Joto kabisa! Chini huko vitu vinaoza kwa bidii zote, fukuto linakupanda hadi kwenye kiwiko, pua yako inajiandaa kwa kipigo, na harufu… iko wapi? Nikainama, nikavuta pumzi yote niliyoweza kuvuta, nikanusa mpira na mafuta ya gari. Mafuta ya gari, jaani! Kijana mmoja akaniinulia pembe moja ili niamini. Mungu wangu. Niliamini haraka sana, machozi yakanitoka, nikamwomba arudishe, arudishe upesi! Na bado!

Kwa sababu utaniuliza, mbona wasitumie udongo tu, Katanga nzima si udongo mwekundu na vichuguu virefu kuliko nyumba? Ndiyo, udongo ndio desturi ya zamani. Kanuni za Marekani za mwaka 1991 zinadai sentimita 15 za udongo kila siku kazi inapoisha, au kitu kingine kinachozuia wadudu, moto, harufu na karatasi kupeperuka. Lakini udongo ukiingia shimoni hautoki! Leo tabaka, kesho tabaka, mwisho unajikuta umelijaza shimo udongo, na mfinyanzi wetu huu ukishakandamizwa unazuia maji ya mvua katikati hadi yanatokea ubavuni, meusi, yananuka. Turubai linaondoka asubuhi na nafasi yote inabaki. Yote! Nilizunguka pale nikirudia neno hilo mpaka wakanitazama vibaya.

Halafu kanuni hizo za Wamarekani zinataka pia kuwazuia waokotaji. Hapo mimi nagoma. Kwetu chupa na vyuma ni chakula cha mtu. Udongo ungemfukia mama mwokotaji riziki yake ya kesho. Turubai linamfungulia alfajiri, anachagua vyake, anaenda. Hilo ndilo lililonipendeza kuliko hata harufu.

Na uji! Nusura niusahau uji! Wanaloweka mifuko mitupu ya saruji na maboksi ya sokoni, wanaponda, wanachanganya na udongo wa kichuguu, wanaumwaga juu ya sehemu ambazo turubai halifiki. Ukiwa mbichi ni baridi, laini, unateleza vidoleni, nilichezea kama mtoto, sioni haya. Ukilala usiku mmoja bila mvua unakuwa ukoko, ukoko kabisa wa chungu cha bukari, unaubonyeza, unasema kra! Na nzi anatua, anatembeatembea, anatafuta pa kutagia, hapati, anaondoka na hasira zake. Nilimwona kwa macho yangu! Na bado!

Haya, kasoro zipo, sikufichi. Upepo unapenda pembe za turubai, kwa hiyo wanazilaza kwa matairi mabovu. Mvua ikinyesha linashika dimbwi katikati, na ukilivuta vibaya dimbwi lote linaingia kwenye buti lako. Langu la kushoto bado linalia. Panya hawajali kitu, wanapita chini wakicheka. Na mabuu waliokwisha kuanguliwa ndani ya rundo wanaendelea na maisha yao. Kifuniko kinamkomesha nzi wa leo, wa juzi ameshakutangulia.

Lakini njoo, tafadhali njoo! Fika saa kumi na moja jioni, wakati wa kulitandaza, wakupe pembe moja uvute nao, usikie linavyopiga pwaa! likishuka. Kesho wanataka kutia vumbi la makaa kwenye uji waone kama harufu itapungua zaidi. Simama upande unakotoka upepo, vaa buti ndefu, na lile shati jeupe uliache nyumbani.