Besi ya Sunburst, Jioni ya Tunduma

Mchana wa Tunduma haukupi nafasi ya kusikiliza. Foleni ya malori ya kwenda Zambia huanzia mbali, matingo wanaitana, bodaboda wanapiga honi, na kila duka lina spika yake nje. Nikangoja jioni, fundi redio amalize kazi zake, nikamwomba anichomekee simu kwenye maboksi mawili makubwa aliyokuwa ameyatengeneza siku hiyo. Nilitaka kuisikia besi.

Kwenye spika ya simu, besi ya bendi ya Sunburst ni kama haipo. Unapata gitaa linalokwaruza na sauti ya mwimbaji, basi. Kwenye maboksi yale ilipanda kutoka sakafuni, hata bisibisi zikatetemeka mezani. Mpiga besi hana haraka. Hurudia kijisentensi kilekile, mara mbili, mara nne, na kila anaporudi hubadilisha kitu kidogo: noti moja anaichelewesha, nyingine anaimeza.

Fundi akasikiliza kwa sikio moja, mkono ukiwa kwenye waya. "Hawa Wazambia," akasema. Kiswahili kilipoingia akageuka. "Kaka, kumbe wa kwetu?"

Ni wa kwetu, na hakukosea sana. Sunburst ilianza Dar es Salaam mwaka 1970, punde baada ya muziki wa soul kupigwa marufuku jijini humo mwishoni mwa 1969. Ndani yake walikuwamo Hembi Flory Kongo aliyetoka Zaire, James Mpungo, Johnny Rodrigues, Bashir Idi Farhan na Kassim Magati. Muziki wao, roki iliyochanganywa na ngoma na funk, waliuita Kitoto. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na mwaka 1976 wakarekodi albamu yao, Ave Africa, ng'ambo ya mpaka huu, Lusaka. Mwaka huohuo reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi. Reli ikaendelea kupita hapa Tunduma. Bendi ikapotea masikioni mwa watu.

Ninachokistahi zaidi kwao ni jinsi walivyokitendea Kiswahili. Roki ilikulia kwenye Kiingereza, lugha yenye maneno mengi yanayokatika ghafla kwa konsonanti, kama mlango uliobamizwa. Neno letu halifungwi hivyo. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, halafu hubaki irabu inayoning'inia, nayo inadai nafasi yake. Tazama jina la wimbo wao mmoja tu, Simba Anguruma. Hakuna "na" katikati. Ni wakati ule wa kale wa methali, usioeleza kilichotokea jana wala kinachotokea sasa. Nguvu yote iko kwenye "ru", kisha "ma" inashuka taratibu. Mwanamuziki mwenye pupa angeipiga dramu juu ya hiyo "ma" na kuifunika. Ninavyowasikia Sunburst, wanaiacha imalizike yenyewe, ndipo gitaa linajibu. Huo ni ustadi wa watu waliosikiliza mazungumzo ya mitaani kwao kwa makini kama walivyosikiliza santuri za Marekani.

Miaka 40 ilipita. Mwaka 2016 kampuni ya muziki ya kigeni, Strut, ilizikusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 ikazitoa upya. Majirani zao wa roki ya Zambia, WITCH, walitangulia kufufuliwa kwa njia hiyohiyo, na Jagari Chanda, mwimbaji wao wa tangu mwanzo, amerudi hata jukwaani. Mwaka 2023 walitoa albamu mpya, Zango. Nafurahi kwa ajili yao kwa moyo wote. Ila linaniuma kwamba kazi ya Kiswahili yenye uzito huu ilisubiri mgeni aje kuipangusa vumbi, ilhali sisi ndio tunaoyaelewa maneno yake bila mkalimani.

Wimbo ulipokwisha fundi hakusema neno. Akapunguza sauti za juu, akaongeza besi kidogo, akavuta kigoda.

"Rudisha mwanzo."